Norah Jones na mtihani wa albamu ya pili

Tarehe 23 Februari 2003, Norah Jones alitoka katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, akiwa na tuzo tano za Grammy. Alikuwa hajatimiza miaka 24. Albamu yake ya kwanza, Come Away with Me, ilizoa tuzo nane kwa jumla ukiongeza zile za mtunzi Jesse Harris, mtayarishaji Arif Mardin na mafundi mitambo. Na wala haikuwa albamu iliyolipuka siku moja. Ilitoka Februari 2002 chini ya kampuni ya Blue Note, ikaingia chati ya Billboard kwenye nafasi za mbali huko, ikapanda polepole kwa miezi hadi ikafika kileleni Januari 2003. Hatimaye iliuza nakala zaidi ya milioni 20 duniani.

Msanii wa umri huo anafanya nini baada ya hapo? Februari 2004 jibu lake lilikuwa sokoni: Feels Like Home, nyimbo 13, dakika zipatazo 46. Wiki ya kwanza peke yake iliuza nakala zaidi ya milioni moja Marekani. Wengi walioichambua wakati ule walisema dada huyu amerudia yale yale: sauti laini, piano ya pole, mambo ya usiku. Mimi nasema hawakusikiliza vizuri. Ukiangalia namna kazi ilivyofanywa, utaona kwamba kati ya albamu hizi mbili kuna jambo moja kubwa lililobadilishwa, na ndilo lililoiokoa ya pili.

Jambo lenyewe ni nani anatunga.

Kwenye albamu ya kwanza, wimbo uliombeba Norah Jones ulikuwa “Don't Know Why”, na mtunzi wake ni Jesse Harris. Harris alikuwa na mkono katika nyimbo tano kati ya 14, na alipiga gitaa pia. Ukiongeza nyimbo za kuazima za Hank Williams, John D. Loudermilk na Hoagy Carmichael, unapata picha ya mwimbaji hodari anayeimba kazi za watu wengine, huku zake mwenyewe zikiwa chache. Hapakuwa na aibu yoyote katika hilo. Waimbaji wakubwa wa jazi wameishi hivyo maisha yao yote. Lakini sasa fikiria mkutano wa kupanga albamu ya pili katika kampuni yoyote ya kurekodi. Mtu wa kwanza kufungua mdomo angesema: mpigieni simu Harris, atupe “Don't Know Why” nyingine.

Katika Feels Like Home hakuna hata wimbo mmoja wa Harris.

Nyimbo zimetoka ndani ya bendi. Lee Alexander, mpiga besi, ndiye mwenye sehemu kubwa zaidi: “Sunrise”, “Carnival Town” na “Toes” alitunga na Norah, “Creepin' In” ni yake peke yake, “Those Sweet Words” alitunga na rafiki yao Richard Julian. Adam Levy, mpiga gitaa, ametoa “In the Morning”. Kevin Breit, naye wa gitaa, ametoa “Humble Me”. Hata mpiga dramu Andrew Borger na mwitikiaji Daru Oda wana wimbo wao, “Above Ground”. Norah mwenyewe ana mkono katika nyimbo sita, na “What Am I to You?” ameutunga bila msaada. Nyimbo zilizotoka nje kabisa ni mbili tu: moja ya Townes Van Zandt, nyingine ya Tom Waits na mkewe Kathleen Brennan.

Matokeo yake unayasikia kwenye upigaji. Mpiga gitaa aliyekodiwa kwa siku moja hujaza nafasi ili aonekane amefanya kazi. Mpiga gitaa ambaye wimbo ni wake, au wa mwenzake waliyezunguka naye majukwaani mwaka wa 2002 na wa 2003, hana haja hiyo. Sikiliza “Sunrise”, wimbo unaofungua albamu. Gitaa linakwenda kwa mpigo mfupi unaojirudia, midundo ni ya mkono mwepesi, besi inagusa noti na kuziacha. Piano ya Norah haikimbilii kuanzisha maneno kila mahali. Inaingia pale sauti inaponyamaza. Kiitikio chenyewe kinategemea mlio mtupu usio na neno, na hapo ndipo wimbo unapokaa kichwani. Kuachia kiitikio bila maneno, katika wimbo unaotarajiwa kubeba albamu nzima, kunahitaji kuaminiana. Wimbo huo ulimpa Grammy nyingine mwaka 2005, kama mwimbaji bora wa kike wa pop.

Sasa tuje kwenye ndoa ya jazi na kantri, kwa sababu hapa ndipo watu hujikanganya. Husemwa kwamba Norah “aligeukia” kantri. Hakugeuka popote. Alizaliwa jijini New York mwaka 1979, lakini alilelewa na mama yake Grapevine, Texas, mji ulio kati ya Dallas na Fort Worth. Alisoma shule ya sanaa ya Booker T. Washington huko Dallas, kisha akasomea piano ya jazi Chuo Kikuu cha North Texas, Denton, kabla ya kurudi New York mwaka 1999. Mtoto wa Texas hawezi kukua bila Willie Nelson kupita masikioni mwake. Na mwaka 2003 yeye, Alexander na Julian walikuwa tayari wameunda kikundi kidogo cha kupiga kantri ya zamani, The Little Willies, kwa raha yao tu. Albamu ya pili ilitoa hadharani kile ambacho ya kwanza ilikionyesha kwa pembeni.

Kiufundi, muziki huu wa aina mbili umegawana kazi. Kantri imeleta umbo la wimbo: beti fupi, kodi chache, hadithi inayoeleweka mara ya kwanza. Jazi imeleta muda. Norah huchelewesha neno. Bendi inapiga pigo, yeye analiacha lipite kidogo ndipo aweke silabi, halafu analipa deni hilo mwishoni mwa mstari kwa kubana maneno mawili matatu. Mwimbaji wa kantri angekaa juu ya pigo. Mwimbaji wa jazi wa kawaida angeongeza madoido ya sauti juu ya ucheleweshaji huo. Yeye anachelewa, kisha anaimba noti kavu, bila kuitetemesha sana. Ndiyo maana sauti yake haichoshi upesi hata nyimbo zikifuatana kwa mwendo mmoja.

Upande wa piano mgawanyo ni ule ule. Mtu aliyesomea jazi ana kodi nyingi mkononi, na kishawishi cha kuzitumia zote ni kikubwa. Katika albamu hii mkono wa kushoto umefungwa. Besi ya Alexander ndiyo inayoshika msingi, kwa hiyo piano inabakiwa na noti mbili au tatu za katikati, na jazi inaonekana kwenye noti moja tu ya ziada ndani ya kodi ya kawaida, ile inayofanya wimbo wa furaha uwe na uchungu kidogo.

Sehemu ya kazi ilirekodiwa Allaire, studio iliyokuwa Shokan, kwenye milima ya Catskill kaskazini mwa jiji la New York. Mahali hapo pana historia. Mwaka 2001 Norah alirekodi hapo na mtayarishaji Craig Street akiandaa albamu ya kwanza, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ikawekwa kando. Blue Note ikamwita Arif Mardin waanze upya. Nyimbo tatu tu za Street ndizo zilizobaki. Kurudi Allaire baada ya mafanikio yale, tena na Mardin huyo huyo, naona ni uamuzi wa mtu anayejua sasa anataka nini.

Mardin ni wa kuzungumzwa peke yake. Mzaliwa huyu wa Istanbul alikuwa ametumikia kampuni ya Atlantic kwa miongo mingi, akifanya kazi na Aretha Franklin, Dusty Springfield na Bee Gees. Ni mtu aliyejua kupanga fidla na tarumbeta kuliko karibu wote wa zama zake. Kwenye Feels Like Home okestra haipo. Sifa ya mtayarishaji wa aina hii hupimwa kwa alichokataa kuweka, na jina lake limeandikwa pamoja na la Norah kama watayarishaji wawili. Jay Newland, fundi mitambo wa albamu ya kwanza, alikuwapo pia, na ndiyo sababu sauti ya Norah imebaki karibu vile vile na sikio, maikrofoni ikiwa imesogezwa hadi unasikia pumzi.

Milima ile ina majirani wazito. Woodstock haiko mbali, na ndiko yalikokuwa makao ya The Band, waliochanganya kantri, bluzi na injili tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Wawili wao wamo humu. Levon Helm anapiga dramu kwenye “What Am I to You?”, na Garth Hudson yuko kwenye ogani ya Hammond. Helm alikuwa amenyang'anywa sauti na saratani ya koo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Aliingia studio na vijiti vyake tu. Wimbo huu usikilizwe mara mbili. Mara ya kwanza fuata sauti. Mara ya pili isahau sauti, shika dramu: kila pigo zito linakuja likiwa limechelewa kidogo sana, kama mtu anayeketi kwenye kiti polepole. Sasa kumbuka Norah naye anachelewa. Wachelewaji wawili pamoja wangeweza kuuzamisha wimbo. Unaokolewa na ogani ya Hudson, ambayo inashikilia noti ndefu chini yao ili pigo lisipotee. Kwangu hii ndiyo kazi bora zaidi ya bendi katika albamu nzima.

Hudson anarudi na kodiani kwenye “Be Here to Love Me” ya Townes Van Zandt. Van Zandt alizaliwa Fort Worth, mwendo mfupi kutoka Grapevine, akafa siku ya mwaka mpya wa 1997 bila kuwa tajiri wala nyota. Kumweka katika albamu iliyojulikana mapema kwamba itanunuliwa na mamilioni ni heshima ya kweli kwa mtunzi.

Kisha “Creepin' In”, na Dolly Parton. Wakenya waliokulia na vipindi vya kantri redioni hawahitaji kuelezwa Dolly ni nani. Hatari ya kumwalika nyota wa namna hiyo ni kwamba anaweza kumeza wimbo. Wapangaji waliepuka hilo kwa njia mbili. Kwanza, mwendo: huu ndio wimbo wa kasi kuliko wote, mdundo wa kantri ya zamani unaokimbia kama garimoshi, na kwa mwendo huo hakuna anayepata nafasi ya kujionyesha. Pili, mpangilio wa sauti: Dolly anapanda juu na wembamba wake wa Tennessee, Norah anabaki chini kwenye uzito wake, na kati yao pana nafasi ya kutosha hata kila mmoja unamtambua bila kumtafuta. Umewekwa katikati ya albamu, wimbo wa saba, pale ambapo msikilizaji angeanza kusinzia.

Lakini baada ya hapo albamu inalegea, na hilo lazima lisemwe. “Toes” na “Above Ground” hazina mlango wa kuingilia. Zinapita bila kuacha kitu. Bendi kutunga yenyewe kuna gharama hiyo: mpiga ala mzuri si lazima awe mtunzi mzuri. Jicho kali lingepunguza nyimbo mbili. “The Long Way Home” ya Waits na Brennan inairudisha njiani.

Wimbo wa mwisho ndio unaonionyesha mwanafunzi wa Denton alikuwa amefika wapi. “Don't Miss You at All” ni muziki wa Duke Ellington, “Melancholia”, alioupiga kwa piano mwaka 1953. Norah ameutungia maneno. Muziki ulioandikwa kwa vidole haujali pumzi. Unaruka mbali, unashuka ghafla, haupumziki mahali ambapo koo lingependa. Kuutia maneno ni kutafuta ni wapi mtu anaweza kuvuta hewa bila kuuvunja. Amebaki yeye na piano, na ukimya mwingi baina ya mistari. Hakuna kantri hapa hata chembe, na bado wimbo unakaa sawa na mingine yote, kwa sababu adabu ya kupunguza ni ile ile.

Mwaka 2007 alipotoa Not Too Late, kila wimbo ulikuwa na mkono wake, na mtayarishaji alikuwa Lee Alexander. Mardin alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Njia hiyo ilifunguliwa na Feels Like Home. Come Away with Me ina nyimbo kali zaidi, sibishi. Kwa upigaji na kwa upangaji, ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Ukiwa na dakika chache tu, anza na wimbo wa pili, usikilize dramu za Helm.