Sauti za Umeme katika Sinema: Je, Ni Muziki wa Kweli?

Liko swali ambalo watu wa sinema wamelibishania miaka mingi. Mtu asiyeongoza orkestra wala kuandika noti, bali anayetengeneza sauti kwa mitambo ya umeme, je, tumwite mtungaji wa muziki, ama fundi wa kelele tu? Wengine watasema ni jambo dogo. Sisi twaona si dogo, maana ndani yake mna haki ya mtu juu ya kazi yake. Tulipime kwa sinema moja ya Marekani ya mwaka 1956, iitwayo Forbidden Planet, yaani Sayari Iliyokatazwa.

Sinema hiyo yaeleza habari za wasafiri waliofika kwenye sayari ya mbali, ambako mtaalamu mmoja, Morbius, anaishi na binti yake. Mnyama asiyeonekana anawashambulia usiku na kuwaua. Mwishoni yajulikana kwamba mnyama huyo ametoka ndani ya Morbius mwenyewe, katika hasira na majivuno aliyoyaficha. Mkristu hashangai, maana Bwana wetu alikwisha kutufundisha kwamba maovu hutoka moyoni mwa mtu.

Muziki wa sinema hii wote umetoka katika umeme. Hamna violoni wala tarumbeta hata moja. Walioufanya ni mume na mke, Louis na Bebe Barron wa New York. Walikuwa wamesoma kitabu cha Norbert Wiener cha mwaka 1948, kinachoeleza jinsi mashine na viumbe vyenye uhai vinavyojiongoza. Wakaunganisha nyaya na taa za redio kuwa mitambo midogo, wakaitia umeme kupita kiasi, nayo ikalia, ikanguruma, ikapiga mluzi, mpaka mingine ikaungua. Mtambo ulioungua haukuweza kutoa sauti ile tena. Yote waliyanasa juu ya utepe. Ndipo ilipoanza kazi kubwa: kusikiliza kwa saa nyingi, kuchagua, kukata utepe na kuuunga, kuupunguza mwendo, kuugeuza nyuma mbele, kuuongeza mwangwi.

Lakini mwanzoni mwa sinema, kazi yao haikuitwa muziki. Iliandikwa kwa maneno mengine, yenye maana ya «milio ya umeme», kwa kuogopa ugomvi na chama cha wanamuziki wa Marekani. Wala haikupata kushindania tuzo ya muziki ya Oscar. Baada ya hapo hawakupewa tena sinema nyingine kubwa ya Hollywood.

Tusiwadharau wanamuziki wale. Mpiga violoni mwenye watoto ana haki ya kuogopa mtambo utakaomnyang'anya mkate, naye Baba Mtakatifu Leo XIII alitetea vyama vya wafanyakazi tangu mwaka 1891. Lakini kutetea mkate ni neno moja, na kusema kweli ni neno lingine. Mkate wa mmoja haupasi kulindwa kwa kuficha jina la kazi ya mwenzake.

Basi, kutunga maana yake nini? Kutunga ni kuchagua sauti, kuzipanga, kuzipa mwanzo na mwisho, ili zimweleze msikilizaji neno fulani. Fundi anayetia mlio wa mlango pale mlango unapofungwa amefanya kazi njema, lakini hajatunga. Akina Barron walifanya zaidi. Mnyama anapokaribia chombo cha wasafiri, macho hayaoni kitu ila nyayo zinazojichora mchangani. Sauti peke yake ndiyo inayotuambia uzito wake na hasira yake. Sauti hiyo hurudi, hukua, na mwishoni hudhoofika pamoja na mwenye kuizaa. Huo ni utungaji.

Hatusemi kazi yote ni kamili. Pale binti wa Morbius anapopendana na mkubwa wa wasafiri, sauti zile zabaki baridi. Twaona mapendo lakini hatuyasikii. Tena mara nyingi hatujui kama tunasikia mashine ya sayari ama wimbo. Wengine huleta jambo hilo kama ushuhuda kwamba si muziki. Sisi twaona kinyume: kwa kutojua huko mtazamaji hapati raha, naye hupaswa kukosa raha katika hadithi ya namna hii.

Sisi wa Kongo tungeelewa upesi kuliko wengine. Zamani wamisionari wengi waliita ngoma zetu kelele za kipagani, wakazizuia mlangoni mwa kanisa. Kisha mwaka 1958 waimbaji wa Kamina, pamoja na Padre Guido Haazen, Mfransiskani, wakaimba Misa Luba huko Ubelgiji, kwa ngoma na sauti za kwetu. Sehemu kubwa ya misa ile ilizaliwa katika kuimba kwenyewe, si katika karatasi. Ngoma haikubadilika; masikio ya watu ndiyo yaliyofunguka.

Na leo mambo yamegeuka. Hildur Guðnadóttir, mama wa Iceland, alitunga muziki wa sinema ya televisheni Chernobyl, ya mwaka 2019, kwa sauti alizozinasa katika kiwanda cha umeme wa nyuklia kilichofungwa huko Lithuania, pamoja na sauti yake mwenyewe. Mwaka uleule akapewa tuzo ya Emmy, nayo ni tuzo ya utungaji wa muziki. Louis Barron alikuwa amekufa mwaka 1989, na Bebe mwaka 2008.

Amri ya nane yatukataza kushuhudia uwongo juu ya jirani, na jirani ni pia yule anayefanya kazi ambayo bado hatujaizoea. Basi, tunapotazama sinema katika parokia zetu, tusiulize kwanza ni chombo gani kilicholia. Tuulize kama yuko mtu aliyechagua sauti ile, na alitaka kutuambia nini kwayo. Tukimwona, tumwite mtungaji.