Tani 27 za Shimba Hills

Kosa kubwa katika kisa cha maytansini halikufanyika maabara. Lilifanyika Shimba Hills, Kwale, miaka ya 1970, wakusanyaji wa mpango wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walipovuna zaidi ya kilo 27,000 za Maytenus buchananii kwa ajili ya majaribio ya dawa.

Kazi iliyotangulia ilikuwa safi. Robert Perdue alileta sampuli ya jamaa wa mti huo kutoka Ethiopia mwaka 1961, na mwaka 1972 Morris Kupchan akatangaza maytansini, molekuli iliyozuia saratani ya damu kwa panya kwa dozi za mikrogramu.

Sasa tuutazame uamuzi wenyewe. Kilo moja ya Maytenus buchananii hutoa maytansini ya miligramu moja hivi, ikizidi sana mbili. Kwa kiwango hicho, hata usipopoteza chembe kwenye uchujaji, tani 27 zinakupa makumi machache ya gramu: vijiko vichache vya unga. Kwa vijiko hivyo, karibu miti yote iliyokomaa ya spishi hiyo pale Shimba ilivunwa. Miaka minne baadaye mzigo mwingine ulipohitajika, wakusanyaji walihangaika kuupata, kwa sababu miche iliyochipua ilikuwa haba mno.

Hapo ndipo ninapokataa katakata. Mti unaobeba miligramu kwa kilo hauwezi kuwa kiwanda, na hilo lilionekana kwenye karatasi kabla panga halijainuliwa. Swali la kwanza lilipaswa kuwa: miti mikubwa iko mingapi, na ipi ibaki kwa mbegu? Ukivuna wazazi wote, umejinyima hata mzigo wako wa pili. Nimelalamika miaka mingi juu ya lebo za mizigo zinazoandika “gome” na kuishia hapo, bila unene wa shina, bila idadi ya miti iliyobaki imesimama. Lebo ya namna hiyo inamtosha mkemia. Kwa msitu haina faida yoyote.

Linganisheni na John Kokwaro, aliyechapisha mwaka 1976 kitabu chake cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki. Hakuhitaji malori. Alihitaji tawi la kukaushwa kwa hebaria, jina sahihi, na mzee wa kumweleza mzizi huu hutibu nini. Kazi yake bado inatumika. Na papo hapo Kwale, wazee wa kaya walikuwa wamezilinda kaya zao, misitu yao mitakatifu, kwa miiko inayokataza kukata miti ovyo. Kwangu mimi, wazee hao walielewa uvunaji kuliko waliopanga ule mzigo.

Majaribio kwa wagonjwa yalikatisha tamaa: sumu ilikuwa kali, faida ndogo. Na mwaka 1977 watafiti wa Japani wakatangaza molekuli za jamii hiyohiyo kutoka kwa bakteria, ambao hukuzwa kwenye matangi. Dawa ya saratani ya matiti iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, inayobeba kizalia cha maytansini kikiwa kimefungwa kwenye kingamwili, inategemea uchachushaji wa bakteria hao.

Watetezi wa uvunaji ule husema wakati ule habari za bakteria zilikuwa hazijajulikana. Ni kweli, nami siwalaumu kwa hilo. Ninawalaumu kwa kutohifadhi wazazi. Kuhesabu mashina kabla ya kukata hakukuhitaji ugunduzi wowote. Kulihitaji kamba ya kupimia, daftari na wiki chache za kutembea na watu wa Kwale wanaoujua mti huo. Leo anayeomba kibali cha kuvuna kwa tani katika msitu wowote wa pwani aambatanishe daftari hilo. Asipokuwa nalo, arudishwe na ombi lake.