"Ua" au "Ashiria"?

Kuitafsiri amri ya Unix iitwayo kill kuwa "ua" ni kufuata jina na kuiacha kazi. Amri hiyo hupeleka ishara tu. Ishara nambari 15 huitaka programu ikome; nayo yaweza kwanza kuhifadhi kazi yake, au hata kukataa. Programu nyingi za seva huichukua nambari 1 kuwa agizo la kusoma upya mipangilio, kisha huendelea na kazi. Nambari 9, isiyozuilika wala kupuuzika, ndiyo inayostahili "ua". Mwanafunzi aliyefunzwa "ua" huenda akaikimbilia 9 kila mara, na data isiyohifadhiwa ikapotea. Kwa hiyo twapendekeza amri iitwe "ashiria", na "ua" libakie kwa nambari 9.