AVSEQ01.DAT: Rafu Isiyotujua Majina

Ukiitia VCD ya zamani kwenye kompyuta utapata folda inayoitwa MPEGAV, na ndani yake faili inayoitwa AVSEQ01.DAT. Haijalishi umeweka VCD gani. Vichekesho vya Kihenjo, harusi ya shangazi yako, sinema ya karate: zote zitakuja na jina hilohilo. Kiwango cha VCD kilitoka hivyo mwaka 1993, na faili haikuhitaji kujieleza kwa sababu jina la kazi lilikuwa kwenye kava. Kava nayo ilikuwa karatasi tu. Ikishaliwa na panya au kutumiwa kuwashia jiko, kilichomo kwenye diski kinabaki yatima.

Kwa kawaida hapa tunahakiki muvi, riwaya, albamu. Leo nataka kuhakiki rafu. Rafu nayo ni maandishi: kuna mtu aliyeamua nini kikae karibu na nini, nini kipewe jina na nini kitupwe ndani ya boksi la "mengineyo". Nina rafu tatu za kulinganisha: ya duka la muvi la stejini, ya kampuni za kutiririsha, na hii ninayojenga nyumbani.

Kwetu ni Kiriaini, kwenye barabara ya kutoka Murang'a kwenda Othaya, juu kule kwenye majani chai, ambako baridi haina mchezo. Nyumba nyingi za huku zina kabati la vioo sebuleni, chini ya TV, lililojaa VCD na DVD zilizonunuliwa kuanzia miaka ya 2000 hadi siku ile mashine ya kuzichezesha ilipokufa. Kabati la shosho lina sitini na kitu. Tangu Desemba nimekuwa nikizinakili moja baada ya nyingine.

Mtambo wenyewe si wa ajabu. Laptopu kuukuu yenye kitundu cha DVD, diski ya nje ya terabaiti 1, ruta, na programu ya maktaba inayoifanya laptopu iwe seva. TV inaitafuta laptopu kupitia WiFi ya nyumba na kuonyesha safu za kava, kama zile za kampuni kubwa. Wengi hudhani hapo bando linaliwa. Haliliwi. Picha inatoka chumba kimoja kwenda kingine, haivuki geti. VCD moja haizidi megabaiti 800, kwa hivyo diski hiyo inabeba zaidi ya VCD 1,000: kibanda kizima cha stejini ndani ya mfuko wa koti. Na laptopu ya miaka kumi, ambayo itakwama ukiipa muvi ya 4K iibadilishe ndiyo TV iweze kuisoma, inabadilisha VCD bila kutoa jasho. Picha ya VCD ina vitone 352 kwa 288. TV ya kawaida siku hizi ina 1920 kwa 1080, karibu mara ishirini zaidi, ndiyo maana nyuso zinaonekana kama zimechorwa kwa kidole. Shosho hakulalamikia hilo hata mara moja. Alichouliza ni hiki: "Mbona zangu hazina picha?"

Swali lake ndilo limezaa uhakiki huu. Programu hizi za maktaba, iwe Plex, Jellyfin au Kodi, hazijui muvi. Zinachojua ni majina. Husoma jina la faili na mwaka, kisha huenda intaneti kuuliza kwenye hifadhi kama TMDB, ambayo hujazwa na watu wa kujitolea, halafu hurudi na kava, waigizaji na muhtasari. Andika "Nairobi Half Life (2012)" na kazi ya David "Tosh" Gitonga itakuja imevalishwa suti: jalada, majina, kila kitu. Hiyo ni muvi iliyozunguka matamasha na ikawa ya kwanza Kenya kupeleka kushindania Oscar. Ina stakabadhi. Lakini mpe mashine AVSEQ01.DAT, au hata jina la Kikuyu ulilolinakili vizuri kutoka kwenye kava, na uwezekano mkubwa ni upate boksi la kijivu. Siwalaumu wanaojitolea. Anayejua ndiye anayejaza, na sisi tunaojua hatujajaza.

Kuna jambo zito zaidi ya kukosa kujaza, nalo ni fomu yenyewe. Inataka jina, mwaka, mwongozaji, mwigizaji, na mhusika aliyeigizwa. Sasa chukua vichekesho vya Riverwood, sinema zilizopata jina kutoka River Road, Nairobi, ambako zilinakiliwa na kuuzwa kwa jumla kabla ya kupanda matatu kuja huku. Kava nyingi za shosho hazina mwaka. Jina la kava mara nyingine si lile linalotokea kwenye skrini. Hadithi moja imekatwa diski mbili, na nusu ya pili imebandikwa jina kana kwamba ni kazi nyingine. Ukifika kwa waigizaji ndiyo kasheshe. Kihenjo ni mwigizaji au mhusika? Machang'i je? Huku kwetu ni watu wanaojulikana kwa jina moja, jukwaani na barabarani. Fomu inataka kumkata mtu vipande viwili, na sanaa hii inasimama kwenye kutomkata. Mtazamaji alinunua VCD ili akutane tena na jamaa anayemjua, aone safari hii ameingia kwenye matata gani. Kwa ubora wake, ni utanzu ulio karibu na hadithi za jikoni jioni kuliko sinema ya kumbi: kamera moja, upepo ndani ya maikrofoni, mtu akiongea hadi amalize. Rafu inayopanga kwa mwongozaji na mwaka haitaiona kazi ya namna hiyo, hata ukiipa faili safi.

Mfano ulio wazi kabisa ni DJ Afro. Wewe uliyekulia mtaani au shags unajua: muvi ya Kihindi au ya Kichina, na juu yake sauti inayokusimulia kwa Kiswahili na Sheng, ikiwapa wahusika majina mapya na kucheka kabla hujacheka. Uganda wana VJ Jingo na wenzake. Tanzania walikuwa na Lufufu. Weka faili ya DJ Afro kwenye maktaba ya nyumbani ukiwa umeipa jina la muvi yenyewe, na mashine itaitambua haraka sana. Itakuletea kava ya asili, nyota wa asili, muhtasari wa asili. Msimulizi hatatajwa popote. Ukiwa pia na nakala isiyo na sauti yake, programu inaweza kuzipanga mbili hizo kama matoleo ya kazi moja, eti tofauti yao ni kama tofauti ya faili kubwa na ndogo. Mtoto wa Kiriaini aliyekua akienda kibanda cha video Jumamosi hakuwahi kwenda kumwona mwongozaji wa Hong Kong. Alienda kumsikia DJ Afro. Kwake huyo ndiye mwandishi wa kazi.

Duka la stejini lilijua hili. Ukiingia na flashi yako, jamaa hakukuuliza mwaka. Alikuuliza unataka "za DJ Afro", "za Kikuyu", "series", "za vita" au "za watoto". Ni mpango ulioparaganyika ukiutazama kwa macho ya mtaalamu wa maktaba: moja ni sauti, nyingine lugha, nyingine urefu, nyingine hadhira. Lakini kila neno pale lilikuwa jibu la swali ambalo mteja aliuliza kweli. Ni rafu iliyopangwa na masikio. Kosa lake tunalijua pia. Alinakili kila kitu, pamoja na kazi za watu wa Riverwood waliokuwa wakitegemea mauzo ya kava halali. DVD ya shilingi hamsini iliua wengi. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ilikuwepo, stejini haikusomwa. Na hapa ndipo ninapokwama kila nikitaka kutoa hukumu, maana nakala hizohizo za wizi ndizo huenda zikawa zimebaki. Siwezi kumshukuru mwizi, ila siwezi kujifanya sijui kabati limejaa nini.

Rafu ya pili, ya kampuni za kutiririsha, ni safi kuliko zote, na ndiyo isiyokuahidi chochote. Netflix ilifika Kenya Januari 2016. Septemba 2021 ikafungua mpango wa bure kwa wenye simu za Android, na tarehe 1 Novemba 2023 ikaufunga. Sina ugomvi na biashara ya mtu; duka ni lake. Ninachohakiki ni neno "yangu" katika "orodha yangu". Orodha hiyo ni ya kuazimwa, na anayekuazima hakuambii siku ya kurudisha. Hata programu za nyumbani hazijaepuka. Plex, iliyopendwa na wengi kwa sababu unatumia faili zako mwenyewe, ilibadilisha masharti 29 Aprili 2025: kutazama mali yako ukiwa mbali na nyumbani kukawa kwa malipo. Jellyfin ilizaliwa Desemba 2018 kutokana na kisa cha aina hiyo, Emby ilipofunga msimbo wake na watu wakachukua ule uliokuwa wazi wakaendelea nao. Kwa hiyo ukichagua, chagua kwa swali moja: wenye programu wakibadilisha nia kesho, faili na maandishi yangu yatasomeka bila wao?

Sasa niseme kinachoniuma hasa. Kati ya diski za shosho kuna DVD ya harusi ya shangazi. Guka alitoa hotuba siku hiyo. Ni mahali pekee ninapojua sauti yake ilirekodiwa. Nilinakili diski, nikaifungua kwenye TV, na tukafika pale anaposimama, anapokea maikrofoni, anafungua mdomo. Mtu wa video ameweka wimbo wa injili juu yake. Dakika nne guka anaongea na hatusikii neno hata moja.

Mhakiki mwenye haraka atamcheka huyo mtu wa video kwa maua yanayozunguka skrini na kwa jinsi anavyovuta kamera hadi kwenye pua za watu. Mimi nimeitazama mara kadhaa na naona ana sheria zake. Chakula huonyeshwa kirefu, kwa sababu aliyechanga anataka kuona mchango wake. Kila aliyebeba zawadi anapewa uso. Hotuba zimefunikwa muziki, kwa sababu kila aliyenunua DVD alikuwepo na alizisikia. Alimtengenezea kumbukumbu mtu aliyekuwepo. Hakumfikiria aliyekuwa na miaka mitatu, ambaye angekuja kuitazama baada ya miaka ishirini akitafuta sauti. Kasoro hiyo haitarekebishwa na diski ya terabaiti yoyote. Kunakili huhifadhi kilichobaki baada ya mhariri. Na shosho aliketi pale akaanza kutuambia guka alisema nini, neno kwa neno kama anavyokumbuka, juu ya ule wimbo. Akawa DJ Afro wa harusi yake mwenyewe ya kwanza kuozesha binti.

Kuna pingamizi ambazo sitazikwepa. Moja: mambo haya ni ya mtu mwenye laptopu ya ziada na stima ya kuaminika. Kweli, ingawa si ghali kama inavyosemwa. Pili: diski nazo hufa, tena bila kuugua. Ndiyo maana watu wa kazi hii husema nakala tatu, vifaa viwili vya aina tofauti, na nakala moja ikae nyumba nyingine. Kwa Kiriaini nyumba nyingine ni kwa shangazi, na bahasha iliyoandikwa tarehe. Tatu, ndiyo ngumu zaidi: maktaba ya nyumbani inafunga mlango. Stejini muvi zilikuwa za wote. Hapa ni za mwenye nenosiri la WiFi. Sina jibu kamili kwa hilo.

Nilicho nacho ni kazi ndogo inayoweza kufanywa wiki hii. Kodi na Jellyfin husoma faili ndogo ya maandishi yenye kiishio .nfo ikiwekwa kando ya muvi. Ndani yake unaandika jina, muhtasari, waigizaji, lugha, kila kitu, na mashine inakuamini wewe badala ya kwenda kuuliza intaneti. Pembeni unaweka poster.jpg, yaani picha ya kava uliyopiga kwa simu. Faili hizo zinafunguka kwa programu yoyote ya kuandikia, leo na baadaye. Kwenye za Kihenjo, mwigizaji nimeandika Kihenjo, na mhusika nimeandika Kihenjo. Mwaka usiojulikana nimeuacha wazi, sitabahatisha. Kwa DVD ya harusi, kwenye muhtasari nimeandika maneno ya shosho, kwa Kikuyu, na saa ya DVD ambapo hotuba inaanzia. Kwenye mwongozaji nimeweka jina la studio lililo kwenye kava, na kwamba simu yao haipatikani tena.

Ukienda shags Pasaka hii, fungua hilo kabati. Piga picha za kava kwanza, mbele na nyuma, kabla hujagusa diski yoyote, na uwe na mtu mzima karibu wa kukuambia nani ni nani.