Ua la Shaba na Matanuru Yaliyomezwa na Miombo

Makazi yaliyohamwa katika msitu wa miombo hayakawii kupotea. Mchwa hula nguzo, mvua husawazisha kuta za udongo, kisha miti ya muputu na mutondo huota juu ya kiwanja. Mtu hupita juu ya jiko la wenzake wa kale asijue. Ila wayeyushaji wa shaba wa kuzunguka Lubumbashi waliacha alama ngumu kufutika: sumu.

Vumbi la malakiti (jiwe la shaba la kijani) na mavi ya shaba vilichafua ardhi hata miche ya miti ikashindwa kukua. Badala yake huota ua la shaba, Haumaniastrum katangense, mmea mfupi wa jamii ya mnanaa, wenye maua ya zambarau. Mtaalamu wa mimea Mbelgiji Paul Duvigneaud aliandika juu ya mimea ya udongo wa madini wa Katanga mwaka 1958. Mwaka 1982 watafiti de Plaen, Malaisse na Brooks wakaeleza jinsi maua hayo yanavyoweza kumfikisha mwanaakiolojia kwenye tanuru.

Anayetafuta matanuru hayo haanzii machimboni. Mawe ya shaba yalibebwa hadi palipo na maji, makala (makaa ya miti) na kichuguu, maana udongo wa kichuguu ndio uliojengea tanuru. Basi hufuatwa kingo za dembo, bonde la majani lenye majimaji, mvua zinapokatika, maua yakiwa wazi. Penye uwanda wa zambarau usio na miti, mtu huinama: vipande vyeusi, vizito kuliko ukubwa wao, vyenye madoa ya kijani, na vipande vya mirija ya udongo ya mivukuto, ncha moja imeungua hadi kung'aa kama kioo. Hapo ndipo panapochimbwa, na makala yaliyonaswa ndani ya tanuru hupelekwa kupimwa kwa kaboni 14. Naviundu, karibu kabisa na jiji, vipimo vilirudi hadi karne ya 4.

Ua peke yake si ushahidi. Mmea huo huo umejaa upande ulikoangukia moshi wa kiwanda cha kuyeyushia cha Lubumbashi, kilichoanza kazi mwaka 1911. Makala nayo hudanganya: wachoma makala wa leo hufukua udongo uleule kufunikia matanuru yao, na ya juzi yakachanganyika na ya kale. Sampuli iliyookotwa juu ya ardhi haifai kitu.

Tena tanuru si kijiji. Katika maelezo ya mmisionari de Hemptinne wa Katanga ya mwaka 1926, kuyeyusha kulikuwa kazi ya kiangazi, baada ya mavuno, watu wakipiga kambi. Kwa maoni yangu, sehemu nyingi tunazoziita vijiji vya wafua shaba zilikuwa kambi za msimu, hadi vigae vya vyungu, mawe ya kusagia na mashimo ya nguzo vithibitishe vinginevyo. Vitu hivyo ua haliwezi kuvionyesha. Vinataka jembe na subira.

Wewe unayekata miti huko, ukikuta mavi ya shaba chini ya maua hayo, usiyasogeze. Weka alama, kisha uwaarifu watu wa Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi.