Sanaa ya Kupima Kimya

Ukilipiga jina la mji wa Moshi kwa alama za Morse, vistari vyote vinatangulia na nukta zote zinafuata. M ni vistari viwili, O ni vitatu. Kisha S nukta tatu, H nne, I mbili. Taa-taa, taa-taa-taa, ti-ti-ti, ti-ti-ti-ti, ti-ti. Kwa anayejifunza, jina hili ni mtego. Akisahau kuacha nafasi kati ya M na O, vistari vile vitano vinasomeka kuwa tarakimu sifuri. Akizigawa vibaya nukta tisa za mwisho, tano huku na nne kule, SHI inageuka 5H, ambazo ndizo alama za mwanzo katika majina ya vituo vya redio vya ridhaa vya Tanzania. Mkono umepiga kila nukta na kila kistari bila kukosea hata kimoja, lakini kilichofika ni 05H.

Kinachoutenga mji huo na upuuzi huo ni kimya, na kimya chenyewe kina vipimo. Nukta ni kipimo kimoja, kistari ni vitatu. Kati ya mapigo ya herufi moja unanyamaza kipimo kimoja, kati ya herufi na herufi vitatu, kati ya neno na neno saba. Wenye fani hupima kasi yao kwa neno PARIS, ambalo pamoja na nafasi inayolifuata lina vipimo 50 kamili. Nimelipima MOSHI kwa kanuni hiyo hiyo: ni 52. Anayepiga maneno 20 kwa dakika ana nukta ya milisekunde 60 tu, na kwa kasi hiyo jina zima la Moshi linakwisha kabla ya sekunde tatu. Ndani ya muda huo kidole kimeshuka na kuinuka mara kumi na nne, na kimenyamaza kwa urefu wa aina mbili tofauti bila kuchanganya.

Samuel Morse na msaidizi wake Alfred Vail waligawa alama kwa hesabu ya uchapaji: herufi inayotumika sana ipewe alama fupi. Waliangalia Kiingereza, kwa hiyo E ikapata nukta moja na T kistari kimoja. Alama tunazozijua leo zilinyooshwa na Mjerumani Friedrich Gerke mwaka 1848, na mataifa yakazikubali mwaka 1865. Kiswahili hakikuulizwa, ila hakikuonewa sana. A, mfalme wa maandishi yetu, ni ti-taa, vipimo vitano. I ni vitatu, E ni kimoja, U ni saba. Ghali ni O pekee, yenye kumi na moja. Na kwa kuwa maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, mpokeaji wa Kiswahili ana faida ndogo ambayo mpokeaji wa Kiingereza hana: akisikia irabu ikifuatwa na kimya kirefu, anajua neno limekwisha.

Morse ilipanda miteremko ya Kilimanjaro pamoja na reli. Njia iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifunguliwa hadi Moshi mapema mwaka 1912, kilomita 352, na waya wa simu uliandamana nayo. Katika reli ya njia moja waya ni uhai. Treni mbili haziwezi kupishana ila stesheni, hivyo stesheni huuliza stesheni ya mbele kama njia ni nyeupe, na treni haiondoki mpaka jibu lirudi. Herufi moja ikisikika vibaya, mabehewa yanakutana uso kwa uso.

Na masikio ya karani wa simu ya waya yalikuwa na kazi ngumu kuliko tunavyodhani. Sisi tumezoea Morse ya redio, mlio mfupi na mlio mrefu. Kile chombo cha kugonga cha zamani hakikuwa na mlio wowote. Kilikuwa na mkono wa chuma unaovutwa na sumaku ya umeme: ukishuka, tak, ukiinuka, tak nyingine. Nukta ilikuwa tak mbili zilizokaribiana, kistari ni tak mbili zilizoachana kidogo. Karani alisoma muda uliopita kati ya tak moja na nyingine, huku kalamu ikiandika, huku abiria wakipiga kelele dirishani. Makarani wa Marekani walikuwa wakiweka kopo tupu la tumbaku nyuma ya chombo ili sauti ipate mwangwi. Katika kazi hiyo kila mkono ulikuwa na tabia yake. Mmoja huvuta kistari cha mwisho, mwingine hukimbiza nukta, na wenzake walimtambua kwa herufi mbili tatu kabla hajajitaja.

Makarani hao wameondoka, lakini Morse haikuondoka nao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ndani ya Hiace za Marangu, simu za Nokia zilikuwa zikilia kila ujumbe ulipoingia: ti-ti-ti, taa-taa, ti-ti-ti. Hiyo ni SMS. Wengi waliowahi kusikia habari za Morse walidhani ni SOS, wito wa hatari, na tofauti ni kistari kimoja tu katikati. Nokia walikuwa na mlio mwingine wa kupanda uliotaja kaulimbiu yao yote, herufi kwa herufi, na mamilioni ya watu wakatembea nao mfukoni bila kuusoma.

Watunzi wa burudani wameupenda mchezo huu. Wimbo wa Mission: Impossible wa Lalo Schifrin unakwenda mapigo mawili marefu, mawili mafupi: M, I. Karani wa reli angenuna kidogo, maana katika wimbo ule pigo refu ni moja na nusu ya fupi, halifiki mara tatu. Barrington Pheloung aliitendea haki zaidi fani alipoandika muziki wa tamthilia ya Uingereza ya Inspector Morse. Jina la mpelelezi limo ndani ya wimbo wenyewe. Katika filamu ya Korea ya Parasite ya mwaka 2019, mtu aliyefichwa chini ya nyumba anawasha na kuzima taa za ngazi, na mwenye nyumba anadhani taa zina hitilafu. Aliyezisoma ni mtoto, kwa sababu ni skauti.

Lakini kazi ninayoivulia kofia ilifanyika Kolombia mwaka 2010. Jeshi lilitaka kuwafikishia habari askari waliokuwa mateka msituni, likijua kwamba walifunzwa Morse na walinzi wao hawakufunzwa. Ukatungwa wimbo wa mapenzi wa kawaida, ukapigwa redioni, na kwenye kiitikio kinanda kikapenyeza nukta na vistari: wenzenu 19 wameokolewa, nanyi mnafuata, msikate tamaa. Fikiria mtihani wa fundi aliyeupanga wimbo huo. Mlio ukizidi, mlinzi atashtuka. Nafasi zikibanwa ili zifuate ngoma, mateka atasikia vurugu. Ilibidi kimya cha Morse na kimya cha muziki viangukie mahali pamoja.

Karibu na kwetu, Morse bado ina kazi rasmi. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, uliofunguliwa mwaka 1971 kati ya Moshi na Arusha, una kituo cha redio cha kuongozea ndege cha aina iitwayo VOR. Vituo hivi hujitaja kwa herufi za Morse, kwa mlio wa hezi 1020, polepole, takribani maneno saba kwa dakika, ili hata rubani asiyejua Morse alinganishe anachosikia na nukta zilizochapwa kwenye ramani yake. Ndege nyingi za leo zinasoma herufi hizo zenyewe na kuziandika kwenye kioo. Kanuni ninayoipenda ni hii: mafundi wanapokifanyia kituo matengenezo, huondoa jina lake hewani. Mawimbi yanaweza kuendelea kutoka na mshale ukacheza, lakini kituo kisichojitaja hakiaminiwi. Rubani anajifunza kusikiliza kama jina halipo.

Wapenzi wa redio za ridhaa nao wana vituo 18 duniani vinavyopokezana zamu ya sekunde kumi kumi, kila kimoja kikirudi baada ya dakika tatu. Cha Kenya kinaitwa 5Z4B. Kinataja jina lake kwa maneno 22 kwa dakika, kisha kinatoa vistari vinne vya sekunde moja moja: cha kwanza kwa wati 100, cha pili 10, cha tatu 1, cha nne sehemu ya kumi ya wati. Anayesikia kistari cha nne anajua njia ya hewani imefunguka vizuri siku hiyo. Mpango mzima unategemea kila kituo kukaa kimya sekunde 170 kwenye masafa yale yale.

Mwenye kutaka kujifunza asianze na karatasi ya nukta. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Ludwig Koch alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba macho yanachelewesha masikio: ukijifunza kwa kuhesabu nukta, utaendelea kuhesabu, na ukifika maneno kumi kwa dakika utakwama. Njia yake ni kusikia herufi kwa kasi kamili tangu siku ya kwanza, mbili tu, mpaka upate tisa katika kila kumi, ndipo uongeze ya tatu. Mpangilio mmoja unaotumika sana leo unaanza na K, M, U, R, E, S, N, A. Ukifika hapo tayari unaweza kupokea majina ya mahali kama Same na Rau. Ongeza P na T, na Tarakea inaingia. Herufi zikikuelemea, usizipunguze kasi. Refusha kimya kilicho kati yake, kisha kipunguze kidogo kidogo kadiri sikio linavyozoea.