Mtegemea ni Nani? Uhakiki wa Methali Moja na wa Insha Yangu Mwenyewe

Nilipokuwa mwaka wa kwanza niliandika insha juu ya methali "Mtegemea cha ndugu hufa maskini". Nilidai kwamba pesa ambazo serikali huwapa watu bila jasho huzalisha uvivu, na kwamba dawa ya umaskini ni kila mtu kujifunga kibwebwe, kubana matumizi na kubeba mzigo wake. Nilipata alama 17 kwa 20. Sasa niko mwaka wa tatu. Nimeirudia insha hiyo mara kadhaa, na kila nikiisoma naona haya. Katika kurasa hizi ninaihakiki methali pamoja na insha yangu, kwa sababu naamini tulikosea wote wawili, ingawa mimi nilikosea zaidi.

Nianze na lugha ya methali yenyewe. Neno "mtegemea" humtaja mtu kwa tabia moja tu. Hatuambiwi ana umri gani, ni mgonjwa au mzima, wala alifanya kazi miaka mingapi kabla ya kuanza kutegemea. Kisha kuna kiambishi "hu-" katika "hufa". Kiambishi hiki huonyesha jambo la kawaida lisilofungwa na wakati, kama tunaposema jua huchomoza mashariki. Methali haisemi kwamba mtegemea anaweza kufa maskini. Inasema ndivyo ilivyo siku zote, kama kwamba umaskini wake ni sheria ya dunia.

Neno la tatu ni "ndugu". Cha ndugu hutolewa kwa huruma, na anayepokea hupokea kwa aibu kidogo, maana ndugu anaweza kuchoka kesho. Katika insha yangu niliondoa "ndugu" nikaweka "serikali" bila kujiuliza kama vitu hivi viwili vinalingana. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kupata matunzo na usaidizi wa kadiri kutoka kwa familia zao na kwa Serikali. Chenye haki hakiombwi, na asiyekipata anaweza kukidai. Ndugu hashtakiwi kwa kuninyima sukari.

Tena, methali zetu hazisemi kwa sauti moja. Ipo nyingine isemayo "Mtegemea nundu haachi kunona". Inaanza kwa neno lile lile, lakini hukumu yake ni kinyume kabisa: anayetegemea chenye mafuta naye hupata mafuta. Niliijua methali hiyo nilipokuwa nikiandika. Niliiacha kwa makusudi kwa sababu ingeniharibia hoja, na mhakiki hapaswi kufanya hivyo.

Sasa nije mpakani, mahali ambapo methali hii ingeweza kupimwa tangu mwanzo kama ningeangalia nyumbani. Nyanya yangu mzaa baba anaishi nje kidogo ya mji wa Busia, upande wa Kenya. Ana miaka 76. Nyanya yangu mzaa mama anaishi Tororo, Uganda, naye ana miaka 74. Wote wawili ni wajane, na wote wawili walilima na kuuza sokoni tangu usichana. Kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine ni mwendo wa saa moja na kitu kwa matatu, ukiwahi kuvuka.

Tangu 2018 Kenya huwalipa wazee waliotimiza miaka 70 na wasio na pensheni nyingine shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia Inua Jamii. Uganda ina mpango wa SAGE, ulioanza 2010 katika wilaya chache na baadaye ukafika nchi nzima, lakini kwa wenye miaka 80 na kuendelea. Malipo yake ni shilingi 25,000 za Uganda kwa mwezi, ambazo hazifiki 1,000 za Kenya. Kwa hiyo nyanya wa Busia amelipwa kwa miaka sita, na nyanya wa Tororo amebakiza miaka sita ili aanze kulipwa.

Kama insha yangu ingekuwa ya kweli, miaka hiyo sita ingemlegeza wa Busia na kumwimarisha wa Tororo. Nilichokiona ni tofauti. Nyanya wa Busia bado huamka kabla ya jua na kupalilia mihogo yake. Pesa zikiingia, kwanza hununua dawa ya presha, kisha unga, sabuni na chumvi, kisha hupeleka shilingi 200 kwenye chama cha akina mama. Kwa miaka mingi malipo yamekuja kwa mkupuo wa miezi miwili, na mara nyingi yamechelewa. Anajua hivyo, kwa hiyo huweka unga wa akiba kwenye debe. "Haba na haba hujaza kibaba" ni jambo analolifanya kila wiki, na ameweza kulifanya kwa sababu ana hiyo haba ya kuanzia.

Nyanya wa Tororo habani matumizi kidogo kuliko mwenzake. Anabana zaidi. Hugawa kipande cha sabuni mara mbili, na taa huzimwa mara tu chakula kinapoliwa. Lakini mwaka jana alipoumwa goti akashindwa kwenda shambani, hakukuwa na kitu cha kubana tena. Alimuuza mbuzi wake wa mwisho. Wanawake hawa wawili hawatofautiani kwa bidii wala kwa maadili. Wanatofautiana kwa upande wa mpaka walioolewa.

Mtu anaweza kusema nyanya wawili si ushahidi. Ni kweli. Lakini upo utafiti wa Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro, uliochapishwa 2016, kuhusu familia za Rarieda katika Kaunti ya Siaya, jirani zetu, zilizopewa pesa bila masharti na shirika la GiveDirectly. Familia hizo zilikula vizuri zaidi na kuongeza mali, hasa mifugo na mabati, na matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka. Niliandika insha yangu bila kutafuta ushahidi wowote wa aina hiyo.

Na watu wa mpaka huu hawahitaji kufundishwa kujitegemea. Boda boda, ambayo leo imeenea Afrika Mashariki nzima, ilianzia hapa, kwa vijana waliobeba abiria kwa baiskeli kutoka kituo cha mpaka hadi kituo kingine. Watu wenye ulemavu wa miguu wa Busia kwa miaka mingi wamevusha mizigo kwa baiskeli zao za magurudumu matatu. Kazi hizi zote hazina pensheni. Anayezifanya anaweza kuwa mchapakazi maisha yake yote na kufika uzeeni bila kitu mkononi, wakati alilipa ushuru wa soko kila siku na kodi juu ya kila kipande cha sabuni alichonunua.

Sitaki kuanguka upande wa pili. Methali ina ukweli wake, na nimeuona katika ukoo wangu. Uganda ina mpango wa PDM, uliozinduliwa 2022, ambao hutenga shilingi milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka, na kaya hukopeshwa shilingi milioni moja. Mjomba wangu alipata, akanunua nguruwe wa kuzalisha. Jirani yake naye alipata, zikaisha kwenye pombe. Upande wa Kenya wapo wajukuu wanaowasindikiza wazee kuchukua pesa na kurudi nazo mifukoni mwao. Wapo pia wanaokaa chini ya mwembe wakingoja msimu wa kampeni. Hao wote methali inawahusu, na sitawatetea.

Ndiyo maana tunapaswa kuuliza kwanza mtegemea ni nani. Julius Nyerere, katika maandishi yake ya 1962 kuhusu ujamaa, alitumia msemo wa "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe", na watu hupenda kuukumbuka wanapokemea uvivu. Wanasahau kwamba katika maandishi hayo hayo alieleza kuwa mzee aliyeonekana kukaa bure katika jamii ya zamani alikuwa amekwisha kufanya kazi ujanani mwake. Jembe hupewa mwenye mikono. Aliyekwisha kulima hupewa chakula.

Nimeacha jambo moja hadi mwisho kwa sababu ni gumu kwangu kuliandika. Baada ya insha ile kurudishwa ikiwa na alama zake nzuri, nilifunga muhula nikaenda nyumbani, na wakati wa kurudi chuoni baba alinipa nauli na pesa ya chakula cha wiki mbili. Nilimuuliza amezipata wapi, maana nilijua hali yake. Akajibu, "Kamshukuru nyanya yako." Zilikuwa pesa za Inua Jamii. Nilikuwa na miaka 20, nguvu tele, na mtegemea katika boma lile nilikuwa mimi.

Nilikwenda kumshukuru. Akaniambia, "Soma, mjukuu wangu. Lakini ukipata kazi, mkumbuke na nyanya yako wa Tororo, yeye bado hajafika." Tangu hapo kila likizo ninafanya vibarua vya kupakia mizigo mpakani, na sehemu ya ninachopata naipeleka Tororo. Huo ni wajibu wangu, na sitaki serikali inibebee. Lakini najua vilevile kwamba kibarua changu hakiji kila mwezi, na goti lake linauma kila siku.